Mtarakwa Uliosimama Daftarini

Mkwaruzo ulisikika kwanza. Ulikuwa mdogo, mkavu, wa kunyamaza na kuanza tena, kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana huku akisubiri kuitwa. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na Karani alikuwa akipiga pasi sketi yake ya kazini. Aliisimamisha pasi, akasikiliza. Sebuleni mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua maharage kwenye sinia, alisema bila kugeuka kwamba huyo ni panya, na kwamba panya wa mtaa huu wanaijua vizuri nyumba isiyo na mwanamume.

"Panya hawakwaruzi kwa zamu, mama," Karani alijibu.

Sauti ilitoka kabatini, upande wa kushoto. Upande huo ulikuwa wa mumewe, na Karani hakuwa ameufungua kwa miaka saba. Aliufungua. Mbao za ndani zilikuwa zimechipua. Matawi yalikuwa yametokeza kwenye viungo, mengine marefu kama mkono, yakajizungusha kwenye fimbo ya kutundikia nguo. Majani yake yalikuwa madogo, yamelaliana kama magamba ya samaki, ya kijani kilichokolea. Koti la kazi la mumewe ndilo pekee lililobaki likining'inia, na mgongoni mwake vilikuwa vimejishikiza vifuko ishirini na sita vya kahawia, kila kimoja hakizidi punje ya harage. Ndivyo vilivyokuwa vikikwaruza. Kimoja kikikwaruza, kingine kilijibu. Karani alivihesabu kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yake, akaufunga mlango polepole, akarudi kumalizia sketi kwa kuwa pasi ilikuwa bado ina moto.

"Kabati limechipua," alisema.

"Si nilikuambia hilo paa litatuletea mambo," mama mkwe alisema, akatupa kijiwe nje kupitia dirishani.

Paa lilikuwa linavuja juu kabisa ya kabati. Lilihitaji bati moja na misumari kumi, na mafundi walikuwa wamejaa mtaani. Lakini ile ilikuwa kazi ya mumewe, alikuwa ameshaahidi kuifanya, na kumwita mtu mwingine apande juu ya paa lile kungekuwa sawa na kusema jambo ambalo Karani hakuwa tayari kulisema. Kwa hiyo kila mvua iliponyesha, kwa miaka saba, kabati lilipata maji yake.

Mumewe alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya misitu. Nyundo ya chapa ni kama nyundo nyingine, ila usoni ina alama iliyochongwa kinyume, ili ikigongwa kwenye mti ibaki imesimama sawasawa. Kila mti una mapigo mawili. La kwanza hupigwa kifuani, na maana yake ni kwamba mti huu unaruhusiwa kukatwa. La pili hupigwa mguuni mti ukishaanguka, na hubaki kwenye kisiki kuwa ushahidi kwamba umekatwa kihalali. Tarehe za mapigo yote mawili huandikwa kwenye daftari la miti, na aliyeziandika kwa miaka ishirini na tano alikuwa Karani. Mti wenye pigo moja tu, kwa mujibu wa daftari, bado umesimama, hata kama mtu ameukalia anakunywa chai.

Ndivyo walivyojuana. Mpiga chapa alileta namba, Karani akaziandika. Mwanamume huyo alinukia mtarakwa, harufu ileile inayotoka penseli ikichongwa, na siku alizokuwa mlimani, Karani alianza kuchonga penseli nyingi kuliko ofisi ilivyozihitaji. Wenzake walimtania kwamba anataka kuandika barua kwa nchi nzima. Aliwaacha wacheke, akaendelea kuchonga.

Wakati huo mlima wote ulikuwa mitarakwa. Ni mti usio na haraka. Mtu akiupanda siku mtoto wake anapozaliwa, mtoto huyo atazeeka kabla mti haujatoa ubao mpana. Mahali pa mitarakwa iliyokatwa, ofisi ilipanda misonobari, miti ya mbio, iliyokuja ikiwa mbegu ndani ya mifuko ya karatasi. Daftari lililochapwa makao makuu lilikuwa na safu moja tu, iliyoitwa "Miti ya sindano", yaani yote isiyo na majani mapana. Mtarakwa uliingia humo ukikatwa, msonobari ukaingia humo ukipandwa, na kila mwisho wa mwaka idadi zililingana. Makao makuu walituma barua za pongezi mara tatu. Zilitundikwa ukutani, juu ya kabati la mafaili.

Mpiga chapa alikuwa ameona mlimani kitu ambacho safu ile haikukionyesha. Kulikuwa na kipepeo mdogo, anayezidi kidogo kifungo cha shati, kahawia juu na kijani chini ya mabawa, aliyetaga kwenye mtarakwa na si kwingineko. Kiwavi wake akiwekwa kwenye msonobari hupanda na kushuka siku mbili akitafuta mti wake, halafu hudondoka. Mpiga chapa alijaribu kiwavi mmoja, kisha kumi. Alikaa akawatazama wote wakidondoka. Siku hiyo alirudi ofisini akamwomba mkewe jambo moja: aigawe ile safu mara mbili, mtarakwa upande wake na msonobari upande wake, ili mtu aliyeko mbali aone kwamba kimoja kinakwisha.

Karani alisema daftari limeshapigwa mistari na makao makuu.

"Rula ipo mezani kwako," mumewe alisema.

Hakuwa amepaza sauti. Karani aliitazama rula, akasema atamuuliza kwanza Bwana Misitu, mkuu wa ofisi. Bwana Misitu alisema mti ni mti. Kesho yake mpiga chapa aliiweka nyundo juu ya meza ya mkewe, akaliacha koti lake kabatini, akaondoka kwenda kutafuta mahali ambapo mitarakwa ilikuwa bado imesimama. Kwa miaka saba ile nyundo ilitumika kuzuia karatasi zisipeperuke.

Mti uliotoa kabati ulikuwa na namba pia. Ilikuwa mia nne kumi na mbili. Ulikatwa siku moja kabla ya harusi yao. Seremala alikuwa akisubiri mbao, na mpiga chapa aliupiga mti kifuani, ukaanguka, kisha akatazama jua, akakumbuka kwamba kinyozi anamngoja, akashuka mlima mbio. Pigo la pili hakulipiga. Wiki iliyofuata kisiki kiling'olewa kupisha barabara ya malori. Karani aliporudi kazini akiwa bibi harusi, alikuta mstari wa 412 una tarehe moja na nafasi moja tupu. Angekuwa mpiga chapa mwingine, Karani angemkumbusha. Huyu alimwachia. Kila mwisho wa mwaka, daftari jipya lilipofika, alihamisha mti namba 412 kwa mwandiko wake mwenyewe, na mbele yake akaandika: umesimama. Ilikuwa njia yake ya kuikumbuka siku ile, na katika miaka ishirini na tatu hakuna aliyemuuliza.

Mti haukuwa na sababu ya kutoliamini daftari la serikali. Ulipopata maji, ulichipua.

Mwezi uliotangulia vipepeo watatu walikuwa wameingia dirishani wakajipenyeza kwenye ufa wa mlango wa kushoto. Karani aliwaona, akadhani ni nondo, akanunua dawa ya nondo, akasahau kuiweka.

Jumanne, kabla ya saa ya kazi, vifuko vilipasuka. Vipepeo ishirini na sita walikaa juu ya koti wakikausha mabawa, kisha wakatokea dirishani na kuelekea mlimani. Karani alifunga mlango akaenda ofisini. Kufikia mchana walikuwa wameshuka. Misonobari haikuwakalisha. Waliingia mjini mmojammoja na kutua kwenye kila kilichotengenezwa kwa mtarakwa: madawati ya shule, nguzo za uzio wa zahanati, mlango wa duka la vitabu, fremu ya picha ya marehemu baba yake kinyozi. Walikuwa wakitua, wanapapasa kwa miguu, wanangoja kidogo, wanaondoka. Mwalimu wa darasa la tatu aliwaambia wanafunzi waandike pembeni ya vipepeo bila kuwasogeza. Kwa siku nne watu waliweza kuona, kwa macho tu, jinsi mji ulivyo: ni mlima uliobomolewa ukapangwa upya kwa pembe nne.

Ofisini walitua kwenye kopo la penseli la Karani, na kwenye nywele zake, kwa ajili ya unga wa penseli. Mpiga chapa mpya, mtu mpole mwenye kikohozi, alimwomba afunge dirisha kwa sababu wanatembea juu ya kidau chake cha wino.

"Wamefuata harufu, dada," alisema. "Hata mimi ningeifuata, ila nimeajiriwa."

Jioni wote walirudi chumbani kwa Karani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mlango wa kushoto ukiwa wazi, akawatazama majike wakipinda matumbo na kubandika mayai kwenye ncha za matawi, yai moja hapa, jingine pale, kwa uangalifu wa mtu anayepanga vyombo vya wageni. Harufu ilikuwa imejaa chumba. Aliuingiza uso wake katikati ya matawi, akafumba macho, akabaki hivyo mpaka shingo ikamuuma. Alikuwa amedhani ameizoea miaka saba ile, jinsi mtu anavyozoea kiatu. Sasa aligundua kwamba alikuwa hajavuta pumzi vizuri tangu siku nyundo ilipowekwa mezani. Mama mkwe alipita mlangoni na kopo la maji, akamwona, akapita kama hajaona. Baadaye alisema kwa sauti, akiuambia ukuta, kwamba mwanawe alikuwa na harufu ile hata utotoni, kwa sababu alizaliwa akiwa mkaidi na alikuwa akijificha juu ya miti.

Jumatano Karani aliichukua rula. Alifungua daftari kuanzia ukurasa wa kwanza, akaigawa ile safu mara mbili kila ukurasa, akaandika upya idadi zote kutoka madaftari ya zamani. Ilimchukua kutwa. Hakwenda kula. Mwishoni, kwenye upande wa mtarakwa, palisomeka hivi: iliyokatwa, elfu sita mia mbili kumi na tatu, iliyopandwa, hakuna, iliyosimama, mmoja. Alilipeleka daftari kwa Bwana Misitu, akasimama mbele ya meza yake mikono ikiwa nyuma, akingoja kufukuzwa kazi.

Bwana Misitu alisoma taratibu. Aliisifu mistari kwa jinsi ilivyonyooka. Kisha akaweka kidole kwenye neno la mwisho na uso wake ukafunguka.

"Upo mmoja," alisema. "Bi Karani, miaka miwili natafuta huu mmoja."

Kulikuwa na kanuni. Ilisema kwamba mti wa aina iliyokwisha wilayani haukatwi hata wilaya ya jirani, lakini mti wa aina ambayo bado ipo, hata kama ni mmoja, unaweza kukatwa huko. Wilaya ya jirani kulikuwa na mlima wa pili, umejaa mitarakwa, na kiwanda cha mbao kilikuwa kimeomba kibali muda mrefu. Mpaka siku ile hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba mtarakwa bado upo, kwa sababu safu moja ilikuwa imeuficha pamoja na misonobari.

Alhamisi Bwana Misitu alifika nyumbani kukagua. Alivua viatu mlangoni, akaingia chumbani na futi ya kamba, akalipima kabati kimo na mzunguko, akaligonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, akanusa jani. Kwenye sakafu ya saruji palikuwa na ufa mahali ambapo mzizi ulikuwa umeingia chini, na aliuandika ufa huo pia. Alimwambia Karani kwamba ameutunza msitu vizuri. Mama mkwe alisema ndani ya huo msitu mna shuka zake mbili na blanketi. Bwana Misitu alijibu kwamba zinaweza kutolewa, ila mbele ya shahidi. Kabla ya kuondoka alibandika karatasi kwenye mlango wa chumba: HIFADHI. USIKATE. USIWASHE MOTO. Tangu siku hiyo kupiga pasi kulihamia sebuleni.

Ijumaa asubuhi nakala ya daftari ilipelekwa makao makuu kwa gari la barua. Ijumaa mchana akaja dereva wa lori, ambaye wote walimwita Breki, kwa sababu hakuna mkuu aliyewahi kufika pale bila yeye kumweleza habari za breki za lori lake, na hakuna aliyewahi kuzitengeneza. Alikuwa ametoka kuwapeleka wapimaji kwenye mlima wa pili. Aliweka karatasi yake ya safari mezani igongwe muhuri, kisha hakuondoka.

"Nimemwona, shemeji," alisema.

Karani aligonga muhuri, akaipuliza karatasi wino ukauke.

Breki alisema yuko kule juu, amejenga kibanda chini ya miti, nywele zimemfika mabegani. Amemjua kwa jinsi anavyosimama, kama mtu anayengoja kuitwa namba yake. Wapimaji walimpita kama wanavyopita jiwe. Karani aliuliza kama amekonda. Breki alisema hajanenepa. Karani aliuliza kama amesema neno.

"Aliuliza kama paa limezibwa," Breki alisema. "Nikamwambia sijui. Akasema, basi halijazibwa. Akarudi kwenye miti yake."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Kibali kikitoka narudi huko na misumeno, shemeji. Nimeona nikuambie mwenyewe."

Alipoondoka Karani alichukua penseli mpya kutoka sandukuni akaanza kuichonga. Penseli mpya zilitengenezwa kwa mti mwingine na hazikuwa na harufu. Aliichonga mpaka ikabaki kipande kisichoshikika. Kanuni aliijua kwa moyo, alikuwa ameipiga chapa kwa mashine mara nyingi. Palipoandikwa mmoja pakiandikwa sifuri, mlima wa pili haukatwi. Mmoja ule ulikuwa chumbani kwake, na kilichokuwa kikiuweka hai, kuliko maji na kuliko udongo, ni nafasi moja tupu kwenye mstari wa 412.

Jumamosi alirudi nyumbani na daftari chini ya kwapa na nyundo ndani ya mkoba. Alimweleza mama mkwe jambo zima, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kama anavyosomewa mtu barua yake. Mama mkwe alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Ukiupiga, utabaki na nini cha kwake?"

"Nyundo."

"Nyundo ni ya serikali."

Karani alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kabati akitafuta mahali pa mguuni ambapo ubao haujapinda. Mama mkwe alitoka, akarudi na ndoo ya buluu iliyojaa maji nusu na kisu cha jikoni.

"Kata kwanza matawi yenye mayai," alisema. "Yakikatwa kabla, hayamo kwenye hesabu yako. Hebu tumia akili, mkwe wangu, wewe na rula yako."

Waliyakata pamoja, tawi kwa tawi, wakiyashika kwa chini wasiguse ncha. Vipepeo walihama wenyewe na kutua kwenye ukingo wa ndoo. Mama mkwe alilitoa lile koti, akalikung'uta, akalikunja. Kisha Karani aliinua nyundo na kuligonga kabati mguuni, pigo moja. Sauti yake haikuzidi ya mtu anayebisha hodi. Chapa ilisimama sawasawa. Akafungua daftari sakafuni, akatia tarehe kwenye nafasi iliyokuwa tupu miaka ishirini na tatu, kwanza kwa penseli, halafu kwa wino.

Wino ulipokauka, majani yalianza kugeuka rangi. Yalidondoka bila haraka, tawi zima kwa mara moja, na viungo vya mbao vikajifunga. Kufikia saa kumi lilikuwa kabati. Karani alikaa sakafuni akaliegemea, na mama mkwe akaketi kando yake, magoti yakilia.

Jumatatu Karani aliliweka daftari mbele ya Bwana Misitu, limefunguliwa. Palisomeka: iliyosimama, hakuna. Bwana Misitu alilisoma, akavua miwani, akaifuta. Hakukasirika. Alisema nakala ilikwisha kufika makao makuu tangu Ijumaa jioni, kibali kimetoka kwa simu, karatasi inafuata. Alisema daftari halibadilishwi katikati ya mwaka. Halafu alisema, kwa upole, kwamba pigo lililopigwa na mtu asiyeajiriwa kuwa mpiga chapa si pigo.

"Lakini mti umekufa," Karani alisema.

"Chumbani umekufa," Bwana Misitu alisema. "Daftarini umesimama. Ulikuwa ukiuhamisha mwenyewe, kila mwaka. Mwandiko ni wako."

Aliomba ile karatasi ya HIFADHI ibaki mlangoni mpaka mwisho wa mwaka. Karani aliomba likizo. Alikuwa na siku za miaka saba, maana tangu mumewe aondoke hakuona pa kwenda. Bwana Misitu alitia sahihi bila kuuliza, akamtakia mapumziko mema.

Gari pekee lililokuwa likienda mlima wa pili lilikuwa lori la Breki, na lilikuwa limebeba misumeno. Liliondoka Jumanne saa mbili asubuhi, na safari yake ilikuwa ya siku mbili. Misumeno ililala nyuma imefungwa kwa kamba na kufunikwa turubai, pamoja na madumu ya mafuta na wakataji tisa waliokuwa wakibishana nani akae juu ya nini. Mbele, katikati, alikaa mpiga chapa mpya na nyundo yake mpya mapajani. Alipomwona Karani akija na ndoo alijisogeza, akaiweka nyundo chini ya kiti, akasema ndoo ikae pale kwenye kivuli. Aliuliza mayai yamebakiza siku ngapi. Karani alisema kama nne, zikizidi tano. Mpiga chapa alisema zinatosha kufika, akakohoa, akatazama dirishani. Baadaye alisema, kana kwamba anaendeleza jambo jingine, kwamba yeye ana watoto watatu.

Vipepeo waliobaki walikuwa kumi na wanane. Walikaa juu ya matawi mabawa yamefungwa, upande wa kijani nje, kiasi kwamba mtu asiyejua angedhani ni majani tu.

Mama mkwe alikuwa amemsindikiza Karani hadi barabarani, na khanga mbili mabegani, kwa sababu moja alitaka kuitoa na hakuwa ameamua. Aliamua, akaifunika ndoo kwa nusu yake, akaacha pembe moja wazi wapate hewa. Alimwambia Breki kwamba akienda mbio atamlaani yeye na breki zake. Breki alisema, mama, breki hazipo za kulaaniwa. Wakataji walicheka. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa ameushika mlango wa lori kwa mikono miwili, na kwa muda ule ilionekana kana kwamba ni yeye anayelizuia lisiondoke.

"Mimi miguu yangu ilishakataa milima," alimwambia Karani. "Ningekuja. Unalijua hilo."

"Nalijua, mama."

"Akikuona atafurahi. Ni mjinga lakini atafurahi. Na wewe utafurahi, halafu utanyamaza, nakujua, utakaa kando yake uvute hiyo harufu yake mpaka hawa waanze kuwasha mashine." Alimtikisa kidogo mkono. "Mwanangu hajui kitu. Anadhani amepata mahali."

Breki aliwasha lori. Mama mkwe hakuuachia mlango.

Karani alitoa mkono dirishani akaushika mkono wa mama mkwe, akasema polepole ili wa nyuma wasikie na wa mbele wasikie.

"Sitanyamaza, mama. Kabla msumeno wa kwanza haujashushwa nitakuwa nimemwambia, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba barabara waliyojia, ule mti mmoja daftarini, nimewaandikia mimi. Nakuahidi."